Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa ICAO: Wapeni vijana nafasi kwenye viwanja vya ndege

Kwa Katibu Mkuu,
Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO),
Montreal, Kanada.

YAH: OMBI LA MWONGOZO WA KIMATAIFA KUHUSU PROGRAMU ZA URUBANI KWA VIJANA ZINAZOENDESHWA KWA KUJITOLEA

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa watu wengi wasio na njia ya kukufikia: vijana wa miaka 13 hadi 18 wanaotamani kujua ndege inarukaje, na watu wazima wanaotoa muda wao, ndege zao na mafuta yao kuwafundisha bila malipo. Ombi langu ni moja. Shirika lako liandae mwongozo kwa nchi wanachama 193, utakaozitambua programu hizi na kusema waziwazi rubani anayejitolea anaruhusiwa kufanya nini akiwa na kijana asiye na leseni, na kwa masharti yapi.

Mimi ni mmoja wa hao wanaojitolea. Sirushi ndege, kazi yangu ni ya ardhini. Nawafundisha vijana kusoma hali ya hewa na ramani, na kuikagua ndege kabla haijaondoka. Wageni wengi wanaotutembelea hudhani kwamba programu ya namna hii ni kumpandisha mtoto ndege, kumzungusha angani na kumpiga picha. Kuruka kupo, na furaha yake siwezi kuieleza ikatosha. Lakini sehemu kubwa ya malezi hufanyika magurudumu yakiwa chini, na ndiyo nataka uielewe kabla ya mengine yote.

Chukua jambo dogo kama kupima mafuta. Chini ya tangi la ndege ndogo kuna koki. Kijana hukinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani. Petroli ya ndege ya aina ya 100LL ni ya samawati. Maji hayana rangi, na kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutuama chini ya kikombe. Akiyaona, anayatenga na kukinga tena, na tena, mpaka yaishe. Yasipoisha, ndege hairuki. Rubani anaweza kuwa amekwisha kuvaa miwani yake na abiria anasubiri mlangoni, hairuki. Hapo msichana wa miaka 14 anagundua kwamba neno lake linaweza kuizuia ndege, na kwamba watu wazima waliomzunguka watamshukuru kwa kulitamka. Sijui ni darasa gani lingine linalompa mtoto dhamana ya aina hiyo mapema hivyo.

Kwenye uwanja wa glaida, zile ndege zisizo na injini, jambo hilo huonekana wazi zaidi. Glaida haiondoki kwa nguvu za rubani peke yake. Mmoja hushika ncha ya bawa ili lisiguse chini, mwingine hufunga kebo, mwingine hutoa ishara kwa mwendesha winchi (mashine inayoivuta glaida kwa kebo) aliye upande wa pili wa uwanja, mwingine huandika muda wa kuondoka na wa kutua. Ikivutwa kwa winchi, hufika juu kwa muda usiotimia dakika moja, na kama hakuna hewa ya joto inayopanda kuibeba, hurudi baada ya dakika chache tu. Kwa hiyo kijana hushinda uwanjani kutwa nzima akiwahudumia wenzake ili naye apate zamu yake fupi. Na kuna kanuni inayomhusu kila aliyepo pale, awe mkufunzi mkuu au mtoto aliyejiunga juzi: ukiona hatari, piga kelele “Simama!” na urushaji unasitishwa papo hapo. Hakuna anayeuliza cheo chako kwanza.

Mheshimiwa, shirika lako limetumia miongo mingi kuwahimiza marubani wasaidizi, mafundi na waongoza ndege wawe na ujasiri wa kusema pale mkubwa wao anapokosea. Ujasiri huo hufundishika kirahisi zaidi kwa mtu wa miaka 14 kuliko kwa mtu wa miaka 30 aliyekwisha kuzoea kunyamaza.

Matunda yapo na yanajulikana. Nchini Marekani, chama cha wapenda urubani cha EAA kilianzisha mwaka 1992 mpango wa Young Eagles, ambao marubani wa kawaida huwarusha bure vijana wa miaka 8 hadi 17, mafuta wakinunua wenyewe. Walijiwekea lengo la kuwarusha vijana milioni 1 kabla ya Desemba 2003, ilipotimia miaka 100 tangu ndugu Wright waruke kwa ndege yao ya kwanza yenye injini, na wakalifikia. Sasa wamevuka milioni 2, na hakuna serikali iliyowalipa marubani hao ujira. Kanada ina kadeti wa anga, yaani programu ya kuwalea vijana katika mambo ya urubani, tangu mwaka 1941. Mmoja wao, Chris Hadfield, alipata kwa njia hiyo ufadhili wa kujifunza kurusha glaida akiwa na miaka 15, baadaye akawa kamanda wa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini waliiunda wenyewe ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 kutokana na vipande vya kiwandani, na wenzao waliokuwa na leseni wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo kwa takribani wiki tatu, wakitua Zanzibar njiani.

Naomba uniruhusu mfano mmoja zaidi, kwa kuwa hauhusu umaarufu. Mwaka 1983 ndege ya abiria aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani nchini Kanada, kwa sababu hesabu ya mafuta ilifanywa kwa ratili badala ya kilo. Rubani wake, Bob Pearson, alikuwa pia mrusha glaida. Alipokaribia uwanja wa Gimli akiwa juu mno, aliilaza ndege upande ili ishuke haraka bila kuongeza kasi, mbinu ambayo warusha glaida huitumia kila siku, na watu wote 69 waliokuwamo wakaokoka. Hesabu ya mafuta na ustadi wa glaida: hayo mawili ndiyo tunayowafundisha vijana wetu mwisho wa juma.

Sasa nije kwenye kikwazo. Watu hudhani ni fedha. Fedha ni ngumu, sikatai, lakini nimeona wanaojitolea wakichangishana na kupata. Kinachowashinda ni kutojua sheria iko upande gani. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinaeleza vizuri kwamba mwenye leseni ya rubani binafsi anaweza kurusha ndege bila ujira, katika safari zisizo za mapato. Kinaweka umri pia: miaka 17 kwa leseni hiyo, na 16 kwa leseni ya glaida. Ila rubani anayemchukua mtoto wa jirani katika safari ya mafunzo, na mzazi akachangia nusu ya mafuta, je, safari hiyo ni ya mapato? Chama cha kujitolea kikipokea msaada wa kununulia matairi, je, kimekuwa mwendeshaji wa biashara anayehitaji cheti kile kile cha shirika la ndege? Nimewasikia marubani wenye moyo safi kabisa wakisema: ngoja kwanza, nisije nikapoteza leseni. Wanangoja mwaka, wanangoja miwili, na kijana aliyekuwa na miaka 15 anakuwa mtu mzima aliyekwisha kuchagua njia nyingine. Kampuni ya bima nayo, isipoona mamlaka imetamka neno, hutamka lake, na huwa ni hapana.

Jibu linawezekana. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinaruhusu watu waliomo kwenye ndege ndogo kugawana gharama, na zinaruhusu vyama vya urubani kufanya safari fupi za kumtambulisha mtu kwa urubani, kwa mipaka iliyoandikwa. Marekani inamruhusu kijana kuruka peke yake kwa glaida akiwa na miaka 14 na kwa ndege ya injini akiwa na 16. Nchi yenye mamlaka ndogo ya usafiri wa anga, yenye wakaguzi wachache na kazi tele, haina muda wa kuanza kuandika kanuni kama hizo kutoka mwanzo. Ikipewa mwongozo wa mfano kutoka kwenu, itauchukua na kuurekebisha.

Najua hofu itakayotajwa kwanza, nami naiheshimu. Mwezi wa Aprili 1996, msichana wa miaka 7 alikufa huko Cheyenne, Marekani, pamoja na baba yake na mkufunzi wake, katika safari iliyotangazwa kuwa ya kuweka rekodi ya rubani mdogo kuliko wote wa kuivuka nchi ile. Waliondoka katika hali mbaya ya hewa, ndege ikiwa imezidi uzito, na wachunguzi walitaja ratiba iliyobana na ahadi kwa vyombo vya habari miongoni mwa yaliyochangia. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka huo huo kuzuia mashindano ya namna hiyo. Nimewasomea vijana wangu kisa hicho, na naona wakubwa wakisome pia. Pale hapakuwa na programu wala malezi. Palikuwa na mtoto aliyewekwa mbele ya kamera, na watu wazima ambao hakuna hata mmoja wao aliyesema “Simama!”. Mwongozo ninaouomba ukataze rekodi na maonyesho ya aina hiyo bila kumung'unya maneno.

Ukataze pia mtu mzima kubaki peke yake na kijana faraghani ardhini, udai historia ya kila anayejitolea ichunguzwe kabla hajakabidhiwa mtoto, na udai ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Kwa hili sitaki hata kujadiliana. Programu isiyoweza kuwalinda watoto dhidi ya watu wabaya haistahili kuwa na ndege.

Kuna wasichana vilevile. Marubani wanawake katika mashirika ya ndege duniani ni takribani asilimia 5. Tangu mwaka 2009 mna mpango wa kukuza kizazi kijacho cha wataalamu wa anga, nami naupongeza. Lakini msichana anayefikiwa baada ya kumaliza shule amekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba kazi hii si yake, na pengine amekwisha kuacha hesabu na fizikia. Akiwa na miaka 13, akiwa ameshika kikombe cha mafuta mkononi na mwanamke fundi ndege amesimama kando yake, mazungumzo huwa mengine kabisa. Na si lazima awe rubani. Wapo wanaokuja wakitaka kuruka wakaishia kupenda injini, au sauti ya mwongoza ndege redioni. Hao pia mnawahitaji.

Mkutano Mkuu wa ICAO hukaa kila baada ya miaka 3. Naomba ofisi yako ianze kwa kukusanya kanuni za nchi ambazo tayari zina utaratibu huu, kisha rasimu ya mwongozo ipelekwe kwa nchi wanachama kabla ya kikao kijacho, na vyama vya wanaojitolea vipewe nafasi ya kuisoma na kutoa maoni. Wengi wetu tunafanya kazi nyingine siku za juma, hivyo mtupe muda wa kutosha wa kujibu.

Wako katika kazi hii,

Mkufunzi wa kujitolea wa vijana