Kwa mdogo wangu, ambaye madaftari yake yamekwenda na maji

Mdogo wangu,

Mama kaniambia tangu mafuriko yale hujashika penseli. Madaftari ya miaka sita yamelowa yakawa uji, nawe unasema huna tena pa kuanzia. Nakuelewa kabisa. Siku hizi zote nimekuwa nikimwaza mtu mmoja wa Tokyo, nikaona heri nikuandikie habari zake.

Anaitwa Kawase Hasui, mchoraji wa chapa, yaani picha zinazochapwa kwa mbao zilizochongwa, mzaliwa wa mwaka 1883. Nyumbani kwao walifanya biashara ya kamba za hariri. Alipokwenda kwa mchoraji Kaburaki Kiyokata kuomba amfundishe, mara ya kwanza hakupokelewa. Alirudi tena, na alipokubaliwa alikuwa na miaka 27 hivi.

Kazi yake ilikuwa safari. Anashuka mji fulani, anakaa penye daraja au hekalu, anajaza daftari. Akirudi Tokyo, mchoro unaingia karakana ya mchapishaji Watanabe Shōzaburō. Hapo fundi mmoja anachonga mbao za mcheri, na mwingine anazipaka rangi, analaza karatasi juu yake na kuisugua mgongoni kwa kidude cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi. Rangi moja inafuata nyingine, na karatasi isihame hata unywele. Hasui mwenyewe hakuwa mchongaji. Kilichokuwa chake hasa ni yale madaftari.

Tarehe 1 Septemba 1923, inakaribia saa sita mchana, tetemeko likaipiga Tokyo na moto ukafuata. Nyumba yake iliteketea pamoja na madaftari 188. Mia moja themanini na nane, mdogo wangu. Karakana ya Watanabe nayo ikaungua na mbao zilizochongwa, kwa hiyo hata kazi za zamani hazikuweza kuchapwa upya.

Watanabe akamhimiza atoke. Vuli hiyohiyo Hasui alishika njia kuelekea magharibi mwa Japani, akakaa safarini siku 102. Hakuwahi kufanya safari ndefu kuliko hiyo.

Wapo wanaozienzi zaidi chapa zake za kabla ya tetemeko, maana nakala zilizosalia ni chache. Mimi nasimama na zilizofuata. Itafute ile ya hekalu la Zōjōji, ya mwaka 1925: lango jekundu, theluji inavuma kwa mshazari, mwanamke kainamisha mwavuli dhidi ya upepo. Isogeze karibu na macho, utazame theluji iliyolala juu ya paa. Hiyo si rangi nyeupe. Ni karatasi yenyewe, pale ambapo fundi aliuchimba ubao kwa patasi ili wino usifike. Nilipolijua hilo niliirudia picha ile jioni nzima.

Aliendelea mpaka mwisho. Alifariki Novemba 1957, na chapa yake ya mwisho ikakamilishwa baada ya yeye kuondoka: jumba la Konjikidō huko Hiraizumi, theluji kila mahali, na mtawa mmoja anapanda ngazi akiwa ametugeuzia mgongo.

Jumamosi nakuja. Karatasi nzito nimeshanunua, na penseli za aina unayoipenda. Ukuta wa chumba chako msiupake rangi kwanza. Mama anasema maji yameacha mstari wa tope usawa wa kitasa cha mlango, na chini yake plasta imebanduka vipande vipande. Nataka uanze kuchora hapo, nami nikiwa nimekaa kitandani kwako.

Kaka yako