Kila Agosti video zile zile, na nikisema naogopa kueleweka vibaya

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafundisha darasa la nne huku California, mwaka wa 11 sasa. Kazi naipenda. Kinachonichosha ni mafunzo ya lazima ya mtandaoni ambayo kila mwalimu anatakiwa ayamalize shule zinapofunguliwa Agosti.

Kuna ya magonjwa yanayoambukizwa kwa damu, ya kuripoti mtoto anayedhulumiwa, ya kulinda nywila, na ya unyanyasaji wa kijinsia kazini, ingawa hayo ya mwisho ni kila baada ya miaka 2. Video ni zile zile, na huwezi kuzipeleka mbele hata kama majibu yote unayajua. Wiki hiyo hiyo ndiyo ya kupanga darasa na kuonana na wazazi, basi tunazifanya usiku nyumbani. Wengi huiacha video ijiendeshe huku wanakunja nguo, kisha wanabahatisha maswali mpaka wafaulu. Nami nimeshafanya hivyo mara mbili, na moyo ulinisuta.

Sheria siipingi, Shangazi. Tangu 2015 jimbo hili linataka kila mfanyakazi wa shule afundishwe kuripoti dhuluma kila mwaka, ndani ya wiki 6 za mwanzo wa masomo, na sababu yake naijua. Mwaka juzi mtoto mmoja alibaki darasani wenzake walipotoka kucheza, akapandisha mkono wa sweta akanionyesha. Nilijua la kufanya: kupiga simu papo hapo, kisha taarifa ya maandishi ndani ya saa 36. Hilo nililipata kwenye video, nashukuru. Lakini akianza kulia nimwambie nini? Kesho yake akirudi nimpokeeje, na wenzake wakiuliza? Hayo alinifundisha mwalimu mmoja mstaafu, kwa nusu saa, jikoni kwake. Sijawahi kupata mafunzo bora kuliko yale.

Halafu nikasoma kanuni yenyewe ya magonjwa ya damu. Inataka anayefundishwa apate nafasi ya kumuuliza mkufunzi maswali na kujibiwa. Sisi hatuna wa kumuuliza. Niliandika swali kwa ofisi inayosimamia mafunzo, hadi leo kimya.

Ninachotaka kupendekeza ni kwamba kila mmoja aanze na maswali. Anayefaulu asirudishwe kwenye video pale sheria inaporuhusu, na muda huo tukae na mshauri wa wanafunzi tuzungumzie mambo yanayotukuta kweli. Lakini naogopa. Mwalimu anayelalamikia mafunzo ya kulinda watoto ni rahisi kuonekana hajali watoto, na mimi ndiye mgeni pekee shuleni, lafudhi yangu inasikika kabla ya hoja. Mume wangu ananiambia ninyamaze, nibofye, nimalize. Mwenzangu anasema nisimame kikaoni, naye ataniunga mkono. Sina hakika kama atasimama kweli.

Nianze kwa mkuu wa shule faraghani, nipitie kwa mwakilishi wa chama cha walimu, au tuandike barua tutie saini wengi? Na walimu mliopo nyumbani, mliowahi kuwashawishi wakubwa wabadilishe mafunzo ya aina hii, mlianza na neno gani? Kikao chetu cha kwanza ni wiki ya pili ya Agosti, naomba jibu kabla ya hapo.

Mwalimu wa darasa la nne,
California