Barua kwa mwanangu anayechora mji wa Lulumbe

Mwanangu, mama,

Marahaba. Picha ya ramani ya Lulumbe, huo mji wako wa kubuni, nimeipata tangu juzi usiku ila bando lilikuwa limekata, nimeweza kuifungua leo asubuhi. Nimeikuza kwenye simu nikapita mtaa kwa mtaa, gati, soko, nyumba ya mfalme kule juu kilimani, mpaka mama yako akaniita chai mara mbili sijasikia. Unachora vizuri mwanangu. Na nimefurahi kwamba umeniuliza mimi kama mji wa biashara wa namna hiyo ungeweza kusimama kweli, maana ungeweza kuuliza wenzako huko chuo.

Mambo ya joka anayelala chini ya lango nakuachia wewe mwenyewe, huo ndo ulimwengu wako. Ila hizo kuta saba ulizouzungushia mji mama, hapo nataka tuongee. Mji wa biashara naujua mmoja, na nimeushika kwa mikono hii, jiwe kwa jiwe, miaka ile tunakarabati magofu ng'ambo Kilwa Kisiwani. We ulikuwa mdogo, unakumbuka nilikuwa narudi jioni nywele nyeupe za chokaa unanikimbia. Basi nitakueleza ya Kilwa alafu we utaangalia ya Lulumbe.

Anza na upepo. Kwenye ramani yako umechora mshale wa kaskazi pembeni kama pambo, kumbe huo mshale ndo mji wenyewe. Kaskazi inavuma kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi hivi, kusi inashika kuanzia Aprili. Chombo kikitoka Uarabuni au Gujarat na kaskazi kinafika Kilwa, kinauza, kinapakia, kusi ikianza kinarudi kwao. Kikitaka kuendelea mpaka Sofala, huko Msumbiji kwenye dhahabu, msimu hautoshi, mabaharia watalala huku ugenini mpaka mwaka mwingine na tajiri wao anahesabu hasara. Watu wa Kilwa wakakaa pale pale upepo unapokomea. Wao ndo wanaokwenda Sofala na vyombo vyao, wanarudi na dhahabu na pembe za ndovu, mgeni anakuta mzigo unamsubiri bandarini, na mwenye bandari anakata ushuru wake. Hakuna muujiza mwingine hapo. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imeokotwa Zimbabwe Kuu, ule mji wa kale wa mawe ndani bara kabisa, na nyingine za shaba za Kilwa mwanajeshi mmoja aliziokota kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia mwaka 1944, nikifikiria hilo mpaka leo nasisimka, zile sarafu ndogo kama ukucha tunazookotaga ufukweni baada ya mvua zimefika kule.

Kwahiyo swali langu la kwanza, Lulumbe imekaa kwenye kikomo cha nini? Kwa nini nahodha asipitilize? Ukishapata jibu la hapo soko litajichora lenyewe.

Sasa ulinzi. Hadithi ya Mrimba uliisikia kwa bibi yako, ila sijui kama uliitazama kwa jicho la mjenzi. Wazee wanasimulia kisiwa kilikuwa cha Mrimba, akaja mgeni kutoka Shirazi kule Uajemi, Ali bin al-Hasan, akataka kukaa, Mrimba akamwambia nizungushie nguo kisiwa kizima, jamaa akazitandika nguo kuzunguka kisiwa chote na Mrimba akahamia bara. Baadaye akajuta, akakusanya watu wake arudi kuchukua chake kwa nguvu, akangoja maji yapwe avuke kwa miguu, na yule mgeni akasoma dua bahari isipwe tena kama zamani, Mrimba akabaki ng'ambo anaangalia tu. Wachimbaji wa mambo ya kale wanasema watu walikuwa wanaishi na kufanya biashara pale tangu karne ya 9 hivi, wenyeji wenyewe, na mimi naamini hivyo, vigae vyao nimevikuta chini kabisa ya misingi. Lakini angalia hiyo hadithi inalinda nini. Haisemi ukuta. Inasema kivuko, maji kujaa na maji kupwa.

Na ndivyo ilivyo hata sasa. Ukitoka huku Kilwa Masoko, upande wa bara, na mashua nahodha anajua mlango uko wapi kati ya miamba na mafungu, anajua saa ngapi apite, na chombo kigeni bila rubani wa hapa kinapasuka mchana kweupe. Gedi kule karibu na Malindi walikuwa na kuta mbili, wa ndani na wa nje, kwa sababu Gedi iko nchi kavu. Songo Mnara hapa jirani wamezungushia ukuta. Kilwa yenyewe huoni ukuta mmoja mkubwa wa kuzunguka mji mzima. Kuna Husuni Ndogo ina kuta nene na minara pembeni, kuna Makutani lile jumba lenye ukuta na minara lililojengwa karne ya 18, lakini mji wenyewe ulikaa wazi unaitazama bandari. Mfanyabiashara haji mahali anapopekuliwa malango saba, atakwenda Mombasa, atakwenda Malindi, hao walikuwa wanamsubiri kwa hamu.

Kwahiyo kwenye Lulumbe yako mimi ningetoa kuta tano, nikaweka nyumba ya rubani. Mpe jina, mpe watoto, mpe ugomvi na mfalme. Huyo ndo lango.

Haya tuje kwenye kujenga, hapa nitasema sana unisamehe.

Umeandika nyumba ni za marumaru nyeupe na kumbi pana za kucheza ngoma. Marumaru inatoka wapi? Mji unajengwa na kilicho chini ya miguu yake. Sisi tuna mawe ya aina mbili. Kuna ya nchi kavu, magumu, yana kona kona, hayo ni ya kupandisha kuta, unayapanga na udongo na chokaa. Alafu kuna tumbawe la baharini, linakatwa likiwa bichi chini ya maji, laini unalichonga kama muhogo, likikaa juani linakuwa gumu, hilo ndo la mihrabu, la fremu za milango, la nakshi. Fundi wa zamani alijua lipi aliweke wapi na hakuchanganya, nimebomoa na kujenga pale miaka sijawahi kukuta amekosea. Ukitaka Lulumbe iwe nyeupe usihangaike na marumaru, chokaa inatosha, Kilwa ilipakwa ikang'aa ukaiona kutoka baharini.

Na chokaa mama inataka subira. Unapanga magogo duara, matabaka, juu unamwaga matumbawe yaliyovunjwa, unachoma, moto unakula siku nzima na usiku wake, alafu unaiacha ipigwe mvua na umande miezi. Mwaka wangu wa kwanza tuliharakishwa na msimamizi mmoja, tukapaka chokaa ambayo haijalala vya kutosha, baada ya masika ukuta ukachanika nyufa kama kiganja cha mzee. Tulibandua ukuta mzima tukaanza upya, na niliumia sana, maana ukuta wa jirani yake wa miaka 600 ulikuwa umesimama vile vile.

Upana wa chumba unaamuliwa na boriti. Mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka wa kubeba dari la mawe zaidi ya mita 2 na nusu mpaka 3, basi vyumba vyote vya pwani ni virefu na vyembamba, utafikiri ujia. Kutoka Lamu mpaka Kilwa ukiingia gofu pima upana utakuta ile ile. Kwahiyo hizo kumbi zako pana lazima uniambie zimebebwa na nini. Waliotaka upana Kilwa ilibidi wapinde jiwe, wakajenga matao na kuba. Msikiti Mkuu sehemu ya kwanza kaskazini ni ya karne ya 11 au 12, paa lake lilikuwa tambarare juu ya nguzo, alafu ukaongezwa upande wa kusini kwa matao na kuba moja baada ya nyingine, kazi ikaanguka ikajengwa tena karne ya 15. Ukisimama katikati pale saa ya alasiri mwanga unaingia chini chini kati ya nguzo, nataka uchore hiyo siku moja. Na ule msikiti mdogo wa kuba, juu kwenye dari wamepachika mabakuli ya kung'aa kutoka ng'ambo, yaani chombo cha thamani umekipandisha mahali mkono haufiki, kinamulika tu. Mtu anayeingia kusali anaona mji wake unafanya biashara na nani.

Nyumbani je? Lazima baraza nje, mgeni anapokelewa hapo, biashara inaongelewa hapo, ndani haoni. Zidaka ukutani za kuweka vyombo. Choo cha shimo ndani ya nyumba, na maji ya kunawia, sisi tulikuwa navyo. Na kisima. Mama, kwenye Lulumbe sijaona hata kisima kimoja! Mji kisiwani umezungukwa na maji ya chumvi, watu watakunywa nini, meli zitajaza nini kabla ya safari? Kilwa visima vimejaa kila upande. Na usisahau wengi hawakukaa nyumba za mawe kabisa, walikaa za udongo na makuti, ambazo leo hatuzioni kwa sababu zimerudi ardhini, lakini ndo mji wenyewe ulikuwa humo.

Ikulu yako kilimani inanikumbusha Husuni Kubwa. Sultani al-Hasan huyo huyo wa sarafu aliijenga mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya jabali linaloangalia bahari, vyumba zaidi ya 100, ua wa bidhaa, na birika la kuogea lenye pande nane. Mimi nimekaa pembeni ya hilo birika mara nyingi wakati wa kula, linatazama bahari moja kwa moja. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyo, akausifu mji, akasema sultani alikuwa mkarimu mpaka fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa akamvulia, alafu akaongezewa watumwa 10 na mizigo miwili ya pembe. Ikulu yenyewe haikumalizika. Kuna mawe yamechongwa hayakufika mahali pake.

Hiyo ya watumwa soma mara mbili. Nani alijaza lile birika ndoo kwa ndoo? Mzungu mmoja wa Kifaransa, Morice, mwaka 1776 aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watu 1,000 kila mwaka wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vyao. Na karne iliyofuata ikawa zamu ya Kilwa Kivinje, huku bara, misafara ikishuka kutoka Ziwa Nyasa. Ukichora mji wa biashara ukaacha watu wanaouzwa nje ya picha utakuwa umeuonea, hata kama ni wa kubuni. Mimi najivunia yale mawe na wakati huo huo nikiyashika namwaza aliyeyabeba.

Sasa ulivyouliza ungeangukaje. Kilwa ilianza kuoza ndani. Maamiri, wale wakuu walio chini ya sultani, walikuwa wanaweka masultani na kuwatoa, kila upande na mtu wake. Wareno walipopita na nahodha wao Cabral mwaka 1500 waliona utajiri, 1502 Vasco da Gama akarudi na mizinga akatoza kodi ya dhahabu kwa vitisho, na mwaka 1505 Francisco de Almeida akateremsha askari, Amiri Ibrahim aliyekuwa ameshika mji akakimbia, wakaupora, wakamweka mtu wao, wakajenga ngome. Miaka 7 tu wakaondoka, 1512, maana dhahabu ilishaacha kupita hapo, watu waliokuwa wanaileta walikuwa wametawanyika. Ngome walikuwa nayo ila upepo wa biashara ulikuwa umehama. Gereza unaloliona pale ufukweni ni la wakati wa Waomani, limekaa juu ya mabaki ya ile ngome, na bahari inalila kidogo kidogo.

Na mwaka 1587 wakaja Wazimba kutoka bara. Walikaa ng'ambo wakashindwa kuvuka, maji yamewazuia kama Mrimba. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja wa Kilwa aliwaendea kwa siri akawaonyesha kivuko maji yakipwa, kwa sharti ndugu zake wasiguswe. Wakaingia usiku, wakaua watu wengi sana. Na yule msaliti naye, mkuu wa Wazimba akaamuru atupwe baharini.

Ndo maana nikasema rubani umpe jina na ugomvi na mfalme.

Idd ukija njoo na futi ya kupimia, ile ndefu ya kitambaa, na daftari lisilo na mistari. Nitaongea na mwenye mashua tuvuke mapema maji yakiwa yamejaa, tuanze Husuni kabla jua halijawa kali, mama yako atatufungia mihogo na samaki. Na ramani ya pili nitumie ukishaweka visima, hata kwa penseli tu.

Baba yako