Shoga, sauti ya bibi unayo kopi ngapi?

Shoga yangu,

Habari za Bagamoyo, watoto hawajambo, na bibi je, miguu imepungua kuuma? Sie huku Ngamiani, Tanga, wazima, joto tu ndo limetushika, mvua tunaisikia kwa wenzetu wa Lushoto. Najua unanidai hii barua tangu nimerudi kutoka Dar, ulinitumia meseji "niambie kila kitu" nami nikakaa kimya, sio kwamba nilikupuuza, kuna kitu nilikisikia kule kwenye kongamano la podikasti, hivi vipindi vya sauti vya mtandaoni tunavyotoa, kikanikaa moyoni na sikutaka kukumwagia kwa voisi noti za dakika mojamoja.

Nianze na madogo. Tulikuwa siku mbili, watu wa vipindi vyao wenyewe watupu, wachache wana studio, wengi ni kama mimi na wewe, simu na chumba. Fundi sauti mmoja alirekodi maneno yaleyale mara mbili, kwanza kwenye chumba cha vigae kitupu alafu kwenye chumba chenye godoro na nguo zimetundikwa, na simu ni ileile! Ya kwanza kama mtu anaongea kutoka kisimani, ya pili kama kakaa ubavuni kwako. Basi ile hela tuliyokuwa tunachanga ya maiki tuiache kwanza, we tundika makanga yako ukutani, simu ikae shibiri moja na mdomo ila pembeni kidogo pumzi isiipige, na uzime pangaboi. Najua kuzima pangaboi kwa joto letu ni adhabu, mi siku hizi narekodi baada ya swala ya alfajiri, kumepoa na bajaji hazijaanza.

Kingine ni bando. Kipindi changu cha dakika 45 nilikuwa nakitoa kwa stereo, yaani njia mbili za sauti, kilobiti 128 kwa sekunde, hiyo ni kama MB 43, kumbe mtu akiongea tu stereo haina kazi, ukiweka mono, njia moja tu, ya kilobiti 64 inashuka hadi kama MB 22 na sikio halioni tofauti kubwa. Wanaonisikiliza wengi wananunua bando la siku, yaani nilikuwa nawala nusu ya hela yao bure, na juu yake salamu za dakika nne kabla sijaingia kwenye habari. Nimezikata. Sasa naanza na sauti ya mgeni wangu moja kwa moja, jina la kipindi linafuata.

Sasa lile kubwa. Unamkumbuka yule mzee wa Makorora niliyekwambia alifanya kazi ya mkonge tangu kijana? Nilikaa naye karibu saa mbili, akanieleza kukata, kufunga mizigo ya majani 30, korona, ile mashine ya kuchambua majani ya mkonge, inavyounguruma, na mwishoni akaanza kutaja majina ya wenzake mmoja mmoja, huyu katoka Songea, huyu Kigoma, huyu alifia kambini na wakamzika wao wenyewe maana ndugu walikuwa mbali. Zilikuwa kama dakika kumi za majina. Mi nikaona inachosha, nikaikata, nikatoa kipindi cha dakika 38 kwenye apu ya bure, na simu ilivyojaa nikafuta rekodi ya mwanzo. Ile apu baadae ikafunga huduma, akaunti ikaenda na kila kitu. Alafu mzee akafariki mwezi wa Ramadhani. Binti yake alikuja nyumbani kabla ya arobaini kuomba sauti ya baba, nilichokuwa nacho ni kipande cha dakika 6 ambacho mpwa wake alikuwa kakirusha WhatsApp. Akasikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza taratibu, "na ile aliyowataja wenzake?" Sikuwa na jibu shoga, na mpaka leo sina.

Kwahiyo alivyosimama yule mama wa kuhifadhi kumbukumbu za sauti mi nilikuwa naandika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Anasema rekodi ya mwanzo, ile nzima haijaguswa, ndo mali yenyewe, kipindi unachotoa ni kipande tu. Weka kopi tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe nyumba nyingine kabisa, mwizi au moto usiondoke na zote. Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, sio MP3 inayobana sauti na kuipunguza. Nikamuuliza si itakula nafasi, akanipigia hesabu palepale, mono ya kawaida saa moja ni kama MB 318, flashi ya GB 32 inabeba kama saa 100. Saa 100! Nafasi ya wazee wangapi hiyo. Na faili lipewe jina lenye tarehe, mahali na nani anaongea, sio "rekodi mpya 7" kama ninavyofanya.

Na hapo ndo nikaelewa ile habari ya RSS, anwani ya mtandaoni inayoorodhesha vipindi vyako, waliyoizungumza asubuhi, maana ilinipita. Mwaka 2000 Dave Winer aliweka kwenye RSS sehemu ya kubebea faili la sauti, neno "podcast" lenyewe Ben Hammersley aliliandika kwenye gazeti la Guardian 2004, na 2005 Apple wakaziingiza kwenye iTunes. Maana yake ni kwamba kipindi chako ni anwani tu, apu zote zinakuja kuchota hapo, hakuna apu inayomiliki. Google Podcasts, apu ya Google ya kusikilizia podikasti, ilifungwa 2024, na wenye anwani zao vipindi vyao viliendelea kwingine kama kawaida. Wewe uko Spotify tu, nakuomba ukague kama anwani ya RSS unaipata na kama unaweza kuihamisha. Ukikuta huwezi, tuhame mapema kabla hujafika kipindi cha hamsini.

Mwanasheria naye alikuwepo, nakupa kwa ufupi. Ridhaa ya mgeni iombe mwanzo wa rekodi, kwa sauti yake mwenyewe, tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tusizipuuze, twende tukaulize ofisini kwao tukiwa wawili. Na ile taarabu unayoweka mwanzoni, shoga, itoe, ina wenyewe, hata ikiwa ya zamani za Black Star, kile kikundi cha taarabu cha huku Tanga. Mko na TaSUBa, chuo cha sanaa, hapo mlangoni, mtafute mwanafunzi mmoja akupigie ngoma ya nusu dakika, umlipe, muandikiane karatasi.

Sasa nakuja. Alhamisi ijayo napanda basi stendi ya Kange asubuhi, nashuka Msata, nikipata usafiri wa haraka nitakuwa kwako kabla ya alasiri. Nina flashi mbili mpya, moja inabaki kwako moja narudi nayo Tanga, na kopi ya tatu tutapandisha mtandaoni usiku bando likiwa rahisi. Ile rekodi ya bibi anayosimulia majahazi usiifute tafadhali, hata zile sehemu ulizosema anarudiarudia, na kama umeshaifuta niambie mapema tujipange kumrekodi upya. Muulize kama yuko tayari kukaa na mimi Ijumaa baada ya chai, asilazimishwe. Akianza kuwataja manahodha na mabaharia hakuna kumkatiza, hata kama itafika adhuhuri.

Msalimie sana, mwambie namletea machungwa ya Muheza.

Shoga yako,
wa Ngamiani