Watoto wa field nao wapewe nauli na majina yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu lawama ambayo karibu kila mhariri ninayemfahamu anaipenda: kwamba wahitimu wa mawasiliano ya umma siku hizi hawajui kuandika habari. Wengine kweli hawajui. Nimeshaletewa habari ya mgogoro wa shamba yenye aya sita, na hakuna hata moja iliyosema shamba lenyewe liko wapi. Lakini hao wanaolalamika ndio hao hao ambao mwanafunzi akibisha hodi kuomba nafasi ya field, yaani mafunzo kwa vitendo, humwambia, "Tuachie namba, tutakupigia."

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea hapa Tanga, mkazi wa Ngamiani. Stringa, kama tunavyoitana kazini: habari ikitoka nalipwa, isipotoka nimetoa sadaka. Ofisi sina. Nina kompyuta mpakato yenye betri iliyochoka, meza ya mkahawa ambayo mwenyewe kanizoea, na namba za simu za watendaji wa kata wengi wa jiji hili. Hata hivyo kila vyuo vikifunga nawapokea watoto wa field kuliko baadhi ya vyombo vyenye bango barabarani. Wanasoma Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengine Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kule Mwanza, wengine vyuo vya kati. Kwao ni Makorora, Muheza, Korogwe, Mkinga. Wanarudi huku kwa sababu nyumbani kuna kitanda na chakula cha bure, basi.

Chuoni vifaa vipo. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana redio na televisheni, SAUT wana redio yao, na mtoto wa mwaka wa pili anakata sauti kwa haraka inayonitia wivu. Asichokijua ni namna ya kumpata mtendaji wa kijiji anayekukwepa, au namna ya kumuuliza mfiwa swali bila kumuumiza. Hayo hujifunza kwa kuandamana na anayeyajua, na kuandamana kunataka nauli. Anayetoka Muheza ana basi la kuja na la kurudi, daladala za mjini, bodaboda mpaka kwenye tukio, na bando la kutuma picha.

Najua utasema Bodi ya Mikopo ipo. Ipo, kwa sheria ya mwaka 2004, na katika mikopo yake kuna fungu la mafunzo kwa vitendo, kwa siku zisizozidi 56. Lakini si kila mwanafunzi ana mkopo, na aliye nao si lazima apate kila fungu. Kozi nazo hupangwa kwa vipaumbele, na sisi watu wa mawasiliano hatukai mstari wa mbele na madaktari na walimu wa sayansi. Sina ugomvi na hilo, nami nikiugua nataka daktari. Ninachosema ni kwamba anayengoja bumu la field, yaani fedha za mkopo, mara nyingi humaliza field kabla halijaingia.

Sasa nikueleze hiyo nauli inatoka wapi pasipo na mwajiri wa kuitoa.

Mwaka jana nilikwenda na binti mmoja kwenye semina ya siku moja, katika hoteli moja huko Raskazone. Chai, sambusa mbili, hotuba tatu. Kuelekea saa saba kijana wa mapokezi akapita na karatasi: jina, chombo, namba ya simu, sahihi. Binti akaniinamia sikioni.

"Mama, hii tunasaini ya nini?"

"Nauli ya waandishi, mwanangu."

"Lakini sisi tumekuja kwa miguu."

Tulikuwa tumetembea kweli, kutoka Chumbageni, juani. Mimi huwa sisaini, na wenzangu wananiona najitia utakatifu. Binti alisaini, akapewa bahasha. Alikuwa hajui atarudije Muheza jioni ile, kwa hiyo simlaumu hata kidogo. Baada ya Alasiri akaniletea habari yake, na sentensi ya kwanza ilisema: "Waandaaji wa semina wamepongezwa kwa juhudi zao." Nikamuuliza, wamepongezwa na nani? Akatafuta kwenye daftari lake, akatafuta tena. Hakuna aliyewapongeza. Kawapongeza yeye, na bahasha bado imo mkobani.

Hapo ndipo elimu ya miaka mitatu inapofundishwa upya kwa nusu saa. Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, limehangaika na maadili muda wote huo, na mwanafunzi ameyasoma maadili hayo na kuyafanyia mtihani. Lakini ukimtuma kazini bila senti, waandaaji wa semina ndio wanakuwa wafadhili wake wa kwanza.

La pili ni majina. Kijana mmoja wa field alishinda wiki nzima na wavuvi wa Deep Sea, pale boti za samaki zinapotia nanga hapa Tanga, anaondoka nyumbani alfajiri ili azikute boti zikiingia, akiandika habari ya bei ya mafuta ya boti na wanavyogawana hasara ikiwa nyavu zimerudi tupu. Kazi safi, nimegusa mkato mmoja mmoja tu. Gazeti moja, ambalo sitalitaja, likaitoa nusu ukurasa na picha zake mbili. Juu yake: Na Mwandishi Wetu, Tanga. Kijana akanunua nakala, akampelekea bibi yake aliyemlea. Bibi hajui kusoma, akamwita mjukuu mwingine amsomee. "Mbona sisikii jina lako?" Kijana akamweleza kwamba Mwandishi Wetu ndiye yeye. Bibi akasema, "Basi waambie wewe ni wetu sisi, si wao."

Nilicheka, lakini kijana hakucheka, na alikuwa na haki. Akienda kuomba kazi ataonyesha nini? Ruzuku za wanahabari, mafunzo ya nje, Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari zinazotolewa tangu mwaka 2009, kote huko mtu hutazamwa kwa kazi yake iliyotoka. Na huu ni mji ambao gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilikuwa likichapwa katika shule ya serikali enzi za Wajerumani, likipokea habari za walimu na makarani kutoka miji mbalimbali. Karne imepita na ushei. Tunashindwa kuchapa jina la mwanafunzi?

Mabinti wana la ziada, nalo nitaligusa tu kwa kuwa linajulikana: kuna wanaoambiwa nafasi ya field ipo, ila tuizungumze jioni. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake tangu mwaka 1987, wamelipigia kelele suala la rushwa ya ngono. Chombo kikiwa na utaratibu wa maandishi wa kupokea wanafunzi, na msimamizi anayejulikana kwa jina, huyo wa jioni anakosa pa kusimama.

Wasiopata mahali mjini nawaelekeza redio za jamii, kama Pangani FM, kwa hesabu nyepesi: redio ndogo haina watu wa kutosha, kwa hiyo mgeni hakai bure akisubiri kutumwa chai. Lakini magazeti nayo yanawahitaji, hata kama hayataki kukiri. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia Chongoleani, hapa hapa kwetu. Tuna hifadhi ya bahari iliyopewa jina la samaki silikanti. Tuna mkonge, bandari, na vijiji vya pwani hadi Pangani. Mara nyingi habari hizi huandikwa na mtu aliyetumwa kutoka Dar, akafika asubuhi, akapiga picha na mkuu wa msafara, akageuza. Waja leo waondoka leo, nasi Tanga tumeshazoea. Mtoto wa field anakaa wiki nane, analala kwao, na anajua nani kafiwa mtaa wa pili.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilileta ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi, na kanuni zake zikadai angalau stashahada. Vizuri. Kama kazi hii sasa ni ya wenye vyeti, basi vyombo vinavyovuna vyeti hivyo vichangie kuvipika. Sidai mshahara. Nadai nauli ya kila siku inayolipwa na chombo chenyewe, jina juu ya habari iliyotoka, na mtu mzima mmoja ofisini anayesoma kazi ya mwanafunzi mbele yake, kalamu mkononi, siyo kuifuta na kuiandika upya kimyakimya. Nauli ya mwanafunzi mmoja kwa mwezi pengine haifiki mafuta ya safari moja ya gari lenu la matangazo.

Mwaka huu nimeshakubali wawili, na zaidi ya hapo sitaweza kuwasoma ipasavyo. Barua ya utambulisho ya wa tatu naiambatisha hapa. Ni wa mwaka wa pili, anazungumza Kidigo na Kizigua, anapiga picha vizuri, na anakaa jirani kabisa na ofisi yenu ya hapa Tanga. Ameomba kuanza Jumatatu ya kwanza ya Agosti.

Mwandishi wa kujitegemea,
Ngamiani, Tanga