Risala ya Kikundi cha Kuwatembelea Matabibu, Nairobi, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti, wanakamati, mabibi na mabwana, hamjambo?

Tunakushukuru kwa kuja, tena kwa saa uliyoahidi. Wanakikundi wanajua kwa nini nimelitaja hilo.

Sisi ni wafamasia, wauguzi na maafisa wa kliniki. Kazi yetu ni kuketi na tabibu kwa dakika 20 hivi, tuzungumze dawa anazowaandikia wagonjwa na utafiti unavyosema. Jerry Avorn na Stephen Soumerai waliijaribu mbinu hii Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1983. Waliiga ujanja wa wauzaji wa dawa, wa kumfuata daktari mezani pake. Ila sisi hatuuzi kitu.

Mafanikio ni makubwa mno. Tumefika zahanati 11 za Kayole na Dandora. Katika moja, mafua hayatibiwi tena kwa sindano ya seftriaksoni, antibiotiki ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2017 katika kundi la kuangaliwa sana, zisitumiwe ovyo vijidudu vikazizoea. Hayo ni mapinduzi.

Mheshimiwa, shida yetu ni usafiri. Wakala wa kampuni ya dawa huja kwa gari, na kalamu, na sampuli, pengine na chakula cha mchana. Sisi twashuka matatu na fotokopi zilizolowa, tukute foleni imefika mlangoni, tuambiwe turudi kesho. Na kurudi ndiyo kazi yenyewe. Tabibu anajua vyema kwamba mtoto anayeharisha kwa kawaida anahitaji ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganywa na maji, pamoja na zinki. Mama ndiye anayetaka "dawa yenye nguvu", na akinyimwa ataipata duka la ng'ambo ya barabara. Mazungumzo kama hayo huwezi kuyaacha kwenye karatasi pale kaunta.

Miaka miwili iliyopita, aliyekalia kiti hicho chako alituahidi pikipiki mbili. Tulimpigia makofi ya kilo. Mwenyekiti wetu, mtu wa imani, alinunua helmeti mbili wiki hiyo hiyo kwa pesa za kikundi. Tumeandika barua tatu, tukajibiwa mara moja kwamba suala letu linashughulikiwa. Hatumlaumu mtu. Helmeti zingali ndani ya nailoni.

Tunaomba pikipiki mbili zile zile. Hata zilizotumika tutazipokea kwa mikono miwili; wenye leseni wapo, na petroli tutachanga. Kama haiwezekani, mheshimiwa, tuambie leo, tuziuze helmeti.

Karibu utuhutubie. Chakula kitafuata baada ya jibu lako.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.