Jalada la kidijitali lisigeuzwe stoo ya mafaili

Mhariri,

Shule nyingi zinapoanzisha jalada la kidijitali la mwanafunzi, yaani mkusanyo wa kazi zake unaohifadhiwa mtandaoni, huanza kwa kutafuta programu, na hapo ndipo mambo huharibika. Iwe ni Mahara, programu iliyoundwa kwa ajili ya majalada kama haya, au folda ya kawaida ya Google Drive, programu haipimi kitu. Kinachopimwa ni kazi aliyoichagua mwanafunzi na sababu ya kuichagua. Akiachiwa apakie kila alichoandika, muhula utaisha na mafaili 80 ambayo hakuna mwalimu atakayeyafungua.

Kazi nne hadi sita kwa muhula zinatosha. Angalau moja iambatane na rasimu yake ya kwanza, zote zikiwa na tarehe, kwa sababu kazi iliyokwisha kusafishwa haionyeshi mwanafunzi alitokea wapi. Chini ya kila kazi ziwepo tafakuri za maneno kama 100. Ukimwambia tu "tafakari", atakuandikia "nimejifunza mengi", wala si kosa lake. Muulize: ni aya ipi uliibadilisha baada ya kusoma maoni ya mwalimu, na kwa nini? Ni hatua gani ya hesabu ilikukwamisha? Maswali ya aina hiyo ni vigumu kuyajibu kwa kunakili ya jirani. Na maoni hayo ya mwalimu yatoke katikati ya muhula. Yakija mwishoni ni dawa baada ya maziko.

Kuhusu alama, walimu wachukue kwanza majalada matano, kila mmoja ayasahihishe peke yake kwa vigezo vilevile vya ngazi nne, kisha wakae wajadili pale walipotofautiana. Wajihadhari na urembo: rangi na video huvuta alama ambazo maudhui hayakuzipata.

Yapo pia madogo yanayokwamisha siku ya kusahihisha. Picha ya daftari iliyopigwa upande, yenye kivuli cha mkono, haisomeki. Jina la faili lianze na tarehe, mwaka mbele (2025-03-14), ili mafaili yajipange yenyewe. Kiungo cha kufungulia jalada kijaribiwe na mtu mwingine, la sivyo mwalimu atakutana na ombi la ruhusa. Lakini kisifunguliwe kwa dunia nzima, hasa penye sura za watoto. Na kwa kuwa akaunti ya shule mara nyingi hufungwa mwanafunzi akihitimu, apakue nakala yake kabla ya mtihani wa mwisho.

Walimu wa tathmini